Namba Iliyokubali Saba

Sura ya Sita

Mlango ulikuwa wa mbao nne za mvule, zimeshikwa kwa misumari yenye vichwa vipana, na namba iliandikwa kwa chaki kwenye zile mbao mbili za katikati, usawa wa kifua cha mtu mzima. Sajini Venant Nkeshimana, mpelelezi wa parquet, ofisi ya mashtaka ya Uvira, alichuchumaa mbele yake, karatasi juu ya goti. Alinakili tarakimu moja moja, akigusa kila moja kwa ncha ya kalamu kabla ya kuiandika. Jumatatu, alipokuja kuchukua mwili, hakufanya hivyo. Aliandika tu kwamba mlangoni kuna namba ndefu, kisha akaenda na wenzake kumkamata mwalimu, kwa sababu kijiji kizima kilisema namba ndefu ni za mwalimu.

Leo Alhamisi aliandika: 2174483647.

Watu wa Katogota walisimama mbali, wamegeuza migongo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda mtoni aliacha njia, akapita katikati ya pamba, amemfunika mtoto wake uso kwa kitenge.

Pudentienne, mjane, alikaa kwenye mkeka kando ya kizingiti, miguu ameinyoosha, nguo ya matanga imefungwa chini ya makwapa. Mume wake Sévère, kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba, ndiye aliyekutwa nyuma ya mlango huu, amepigwa kisogoni kwa jembe lake mwenyewe.

“Mama, nani aligusa mulango tangu Jumatatu?”

“Nani ataugusa? Hata mbuzi wanauzunguka.”

“Hapa chini pameloa.”

“Jana polisi wa chifu alikuja na ndoo. Akasema amri ya ofisi ya Uvira, mulango uoshwe, bantu watulie. Nikamwambia, weye ulizaliwa na mama? Mulango wa mufu hauoshwi mpaka tutoe matanga. Nikalala hapa kwa kizingiti. Mwaga, baba, utaniosha minye kwanza.”

“Akafanya nini?”

“Alikuwa na kiu. Akakunywa kidogo, ingine ikamwagika, akaenda.”

Venant aliinuka, magoti yakalia. “Ofisi gani? Bwana wa parquet hakutoa amri ya namna hiyo.”

“Minye nitajua ofisi zenu?”

Jirani wa mjane, Kankindi, alikuwa amesogea hatua kwa hatua, kanga ameikunja mdomoni. Alisimama pale ambapo kona ya nyumba ilimficha asiuone mlango.

“Sajini, nasikia kaye ya mwalimu, lile daftari lake, iko na namba za bantu. 311, 373, 683. Ile 683 ni namba ya kitabu cha kodi cha kapita. Ile 373 alikuwa Térence, alikufa na surua. Na ile inayofuata 683 ni 1117.”

“Ni ya nani?”

“Ya bwana yangu. Amekimbilia Bijombo kwa ng’ombe za mujomba wake, kitabu amekifunga ndani ya shati. Sajini, weye una gomu ya kufutia? Futa ile moja tu. Ingine uache.”

“Ushahidi haufutwi, mama.”

“Basi umuandikie pembeni kwamba hayuko.”

Venant alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo. Kisha alimgeukia mjane.

“Kapita alikuwa na neno na mwalimu?”

“Na Jean-Berchmans? Alikuwa anakula hapa. Alikuwa anamufundisha Sévère kupima shamba kwa kamba. Wanacheka mpaka bugali inapoa.”

“Na nani alikuwa na neno?”

Pudentienne alitazama barabarani kwanza, halafu upande wa mto. Sauti yake ikashuka.

“Commission ilimwita. Ile ya kuwapa weusi karata ya kuwa sawa na Wazungu. Wanauliza kama muntu anayeiomba anakula kwa meza, kama iko na bibi mumoja. Sévère alikuwa aende mbele yao, aseme yale anayojua.”

“Anajua nini, juu ya nani?”

“Hakunitajia. Alisema tu, kuna muntu wa makaratasi anasema iko na bibi mumoja, na minye namuona huyu wa pili kila siku akichota maji.”

“Ni yupi?”

“Félicité, kwenye nyumba ya dirisha la kioo. Bwana yake anakuja na motokari ya jioni, anaondoka kabla jogoo. Uso wake hatuujui.”

Venant aliiendea ile nyumba. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Kwenye jiko la nje majivu yalikuwa baridi, na sufuria ya mboga ya sombe ilikuwa imeota ukungu wa siku tatu. Alirudi, akaomba nyundo kwa fundi, akaanza kung’oa bawaba za mlango.

“Weye unafanya nini?” mjane akapiga kelele.

“Siuoshi. Nauhamisha. Ukibaki hapa, kesho atakuja mwenye ndoo mbili.”

Pudentienne alijifunga nguo upya. “Mulango ukienda, minye nakwenda nao.”

Wakaulaza kwenye motokari ya parquet, chaki imeangalia juu, wakaufunika kwa mikeka miwili. Mjane alipanda, akaketi pembeni yake na mkono wake mmoja juu ya mkeka, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Dereva alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha.

*

Kasho, mahabusu ya Uvira, ilikuwa nyuma ya ofisi, chumba kimoja cha matofali chenye tundu la kupitishia hewa. Upepo wa ziwa uliingiza harufu ya ndagala, dagaa wa huko, walioanikwa. Jean-Berchmans Bigirimana, mwalimu wa darasa la nne, alikuwa amekaa na magoti kifuani, kamba za viatu zimeondolewa. Alipomwona Venant alisimama haraka mno, akashika ukuta.

“Ni leo?”

“Ni kesho. Motokari ya Bukavu, saa kumi na mbili asubuhi. Bwana wa parquet atatia sahihi leo akirudi kutoka bandari ya Kalundu.”

“Muntu mumoja wa Songo alipelekwa Bukavu mwaka jana. Hata kofia yake haikurudi.”

“Basi tusipoteze wakati. Minye nilisoma miaka mitano tu kwa Mapadri. Unieleze kama muntu wa miaka mitano.” Akaweka daftari la mwalimu kati yao. Juu ya jalada palikuwa na namba, imeandikwa kwa wino na mwandiko wa ubaoni. “Hii ni nini?”

“Ni mbili, unaizidisha kwa mbili, tena kwa mbili, mpaka mbili ziwe thelathini na moja. Halafu unatoa moja.”

“Na inafanya kazi gani?”

“Inakataa.” Kwa mara ya kwanza mwalimu alimtazama usoni. “Kumi na tano inakubali tatu, inakubali tano. Kumi na saba inakataa zote, isipokuwa moja na yenyewe. Hiyo ni namba tasa. Ndogo ziko nyingi kama ndagala. Lakini kubwa namna hii, ya milioni elfu mbili na zaidi, huwezi kujua kwa macho. Lazima uigonge kwa kila namba uone kama inafunguka.”

“Mpaka lini?”

“Ukifika arobaini na sita elfu mia tatu na arobaini bila kufungua, umemaliza. Kama iko na kipande kikubwa kupita hapo, mwenzake lazima awe mdogo, na huyo ungekuwa umeshamkuta.”

“Kwa hiyo umegonga mara arobaini na sita elfu?”

“Ningekuwa muzee. Iko njia fupi, iko kwa kitabu alichoniachia Padri. Namba tasa yoyote inayoweza kuifungua hii, ukiigawanya kwa sitini na mbili inabakiza moja. Zingine usizisumbue. Kwa hiyo nilizipanga hizo peke yake: 311, 373, 683...”

“1117,” Venant akasema.

“Weye umejuaje?”

“Kuna muntu iko Bijombo kwa sababu yake.”

Venant alichukua kalamu. Kutoka 311 mpaka 373 ni sitini na mbili. Kutoka 373 mpaka 683 ni mia tatu na kumi, sitini na mbili mara tano. Kutoka 683 mpaka 1117 ni mia nne thelathini na nne. Aligawanya polepole, midomo ikimchezacheza: mara saba. Alifunga daftari, akalikalia.

“Usitazame. Baada ya 1117?”

Mwalimu alifumba macho, akahesabu kwa vidole dhidi ya paja. “1179, tisa inaingia, tupa. 1241, kumi na saba inaingia, tupa. 1303.”

Venant alilitoa daftari, akafungua. 1303. Hakuna orodha ya wanakijiji inayoweza kurukaruka hivyo. Kifo cha Térence kilikuwa surua, na 683 ya Sévère ilikuwa bahati mbaya ya mtu ambaye kitabu chake kilikuwa na namba hiyo.

“Lakini namba yako ilikutwa kwa mulango wa mufu,” akasema.

“Nimeambiwa.”

“Hawakukuonyesha?”

“Nani anionyeshe? Walisema tu, namba yako, namba yako, na kiboko mezani.”

Venant alifungua kifungo cha mfuko, akakunjua karatasi. Mwalimu aliinama. Hakuchukua muda wa kunywa maji.

“Hii si yangu.”

“Jean-Berchmans...”

“Tazama. Yangu ni mbili, moja, nne, saba. Hii ni mbili, moja, saba, nne. Zimebadilishana viti. Jaribu saba.”

Venant aliandika namba, akapiga mstari, akashusha tarakimu moja baada ya nyingine kama alivyofundishwa utotoni. 310640521. Mwisho sifuri. Saba ilikuwa imeingia yote, bila kubakiza kitu.

“Sasa yangu.”

306783378. Ikabaki moja.

“Miaka miwili naigonga,” mwalimu alisema. “Ukiniamsha usingizini nitaiandika sawa. Ile ya mulango inakubali saba kama mulango wa soko. Muntu mwenye kuijua hawezi kuiandika.”

“Kwa nini aliyenakili hakuona kosa?”

“Alifanya preuve par neuf, jaribio la tisa. Sisi wote tunafundishwa: jumlisha tarakimu, toa tisa, linganisha. Lakini nne na saba zikibadilishana, jumla ni ileile. Tisa haioni. Minye natumia na kumi na moja, hiyo inaona.”

Venant aliacha kuandika. “Unasema alifanya. Ulimwona?”

Mwalimu alitazama mlango wa kasho.

“Jean-Berchmans, nani alinakili namba yako?”

“Alikuja nyumbani Dominika moja, anasema anapenda hesabu. Akaandika kwa kikaratasi, akafanya msalaba wa preuve, baki moja huku, moja kule, akasema sawasawa. Nilikuwa nimeona kosa. Lakini ni muntu mkubwa, amekaa kwa kiti changu, bibi yangu amemletea samaki wa mukeke. Nitamsahihisha mbele ya bibi yangu? Nikanyamaza.”

“Jina lake.”

Nje, kwenye sakafu ya saruji, viatu vyenye vyuma kisiginoni vilikuwa vinakuja. Ka, ka, ka. Vikafika mlangoni mwa kasho, vikasimama. Hakuna aliyebisha.

Mwalimu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alitikisa kichwa, mara moja tu. Kisha kwa midomo isiyo na sauti: “Iko na ufunguo wa humu.”

*

Aliyekuwa nje ni karani Eugène, mkalimani wa parquet, shati jeupe, tai, kalamu mbili mfukoni. Alicheka na kumshika Venant bega.

“Sajini, unamlaza mwalimu au anakulaza? Twende. Bwana anakaribia kufika, na minye nataka kufunga hii dosye. Ijumaa ijayo commission inakuja kwangu. Nimeweka uma sita mezani, na bibi yangu anajifunza kuzishika bila kucheka.”

Venant alitembea mbele. Alisikia vyuma vya visigino nyuma yake njia nzima ya ua.

Ofisini, dosye, faili la kesi, ilikuwa juu ya meza. Venant aliifungua. Ndani yake mlikuwa na pevé ya Jumatatu, karatasi ya ushahidi iliyoandikwa na Eugène hapahapa Uvira saa saba mchana, daftari lilipoletwa. Kifaransa cha Venant kilikuwa cha amri za jeshi tu, simama, geuka, piga. Lakini tarakimu alizijua. Alitafuta kwa kidole mpaka mstari wa sita, pale karani alipoandika namba iliyo kwenye jalada. Pembeni ya mstari kulikuwa na msalaba mdogo, moja huku, moja kule.

2174483647.

Aliisoma mara tatu. Jalada lilikuwa sahihi. Mlango ulikuwa na kosa. Na hii karatasi, iliyosema imenakili jalada, ilikuwa na kosa la mlango.

“Eugène. Weye ulishafika Katogota?”

“Kufanya nini? Vumbi na mbu.”

“Jumatatu hukuja na sisi.”

“Nilikuwa hapa hapa. Bwana ni shahidi.”

“Na kabla ya leo hakuna aliyenakili ile ya mulango. Hata minye.”

Karani alikuwa anapanga karatasi zake. Mikono ikatulia. Alitazama kidole cha Venant kilipo, kwenye mstari wa sita, kisha akatazama dirishani. Kwenye baraza, mlango wa mvule ulikuwa umesimamishwa dhidi ya ukuta, mikeka imefunguliwa, na mjane ameketi mbele yake. Eugène alivuta kiti, akakaa. Alipozungumza hakuwa tena na kicheko, na sauti ilikuwa ya chini sana.

“Sajini, sikiliza. Bwana ana miezi mitatu tangu atoke Ulaya. Kiswahili chake ni jambo, maji na upesi. Weye Kifaransa huna. Sema unachotaka, sema mpaka jasho. Kwa bwana weye huna kinywa. Kinywa chako njo minye.”

“Félicité umempeleka wapi?”

“Na ukinisumbua,” Eugène aliendelea, kana kwamba hakusikia, “nitamwambia yako maneno mengine. Katika ile motokari ya kesho iko nafasi ya watu wawili.”

Venant aliifunga dosye, akaisukuma mbele ya kiti cha bwana.

Bwana aliingia, kofia mkononi, shingo nyekundu kwa jua la bandarini. Alisema neno moja, akaketi, akavuta karatasi ya kumpeleka mwalimu Bukavu. Venant alisimama wima, akasema kwa Kiswahili: mwalimu si mwenye namba ya mlangoni, iko makosa, bwana atazame. Eugène aliyachukua maneno hayo, akayageuza. Yalikuwa marefu kuliko aliyopewa. Venant alisikia jina la Jean-Berchmans mara mbili, na jina lake mwenyewe mara moja. Bwana alimtazama Venant kwa macho ya uchovu, akafungua kalamu ya wino.

Mwanya kati ya nibu na karatasi ulikuwa wa kidole kimoja.

Venant hakuomba ruhusa. Alichukua karatasi nyeupe mezani, akaiweka juu ya ile ya sahihi, akaandika kwa penseli namba ya mlango, na pembeni yake saba.

“Qu’est-ce qu’il fait?” bwana akauliza kwa Kifaransa, akimwonyesha Venant kwa kidevu.

Eugène alijibu haraka, akijaribu kuivuta karatasi. Venant aliibana kwa kiwiko, akaendelea. Saba katika ishirini na moja, tatu. Saba katika saba, moja. Alishusha, akatoa, akashusha. Bwana alikuwa ameanza kusimama. Kisha akabaki amesimama nusu, akifuata penseli, kwa sababu hata huko kwao watoto hugawanya vilevile. Sifuri. Venant aliizungushia duara.

Chini yake aliandika namba ya jalada, na saba. Hakukosea mahali popote, ingawa jasho lilikuwa linadondoka juu ya karatasi. Ikabaki moja. Akaizungushia duara.

Alilifunua daftari la mwalimu, akaligeuzia upande wa bwana, akaweka kidole chini ya nne na saba. Alinyoosha mkono dirishani, kwenye mlango, akaonyesha saba na nne. Pudentienne, aliyeona mkono, alisogea pembeni ili mbao zionekane vizuri. Kisha Venant alifungua pevé, mstari wa sita, akaweka kidole hapo.

Bwana aliweka kalamu chini. Alivaa miwani, akatoka mpaka barazani, akasoma mlango tarakimu kwa tarakimu, akarudi. Alisoma jalada. Alisoma mstari wa sita. Alifika kwenye ule msalaba mdogo, na rangi nyekundu ikamtoka shingoni.

Hakumtazama Eugène alipouliza. Alimwangalia Venant, kama mtu anayemuuliza mpelelezi wake. Swali lilikuwa fupi, maneno manne au matano ya Kifaransa.

Na karani, kwa mazoea ya miaka tisa ya kusimama katikati ya watu wawili, akamgeukia Venant na kuanza kutafsiri.

“Bwana anauliza,” akasema, “ni nani aliyeandika...”

Hakumaliza.